Kutoka MIOME hadi Chuo Kikuu: Historia ya Chuo cha Ufundi cha Mombasa



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, katika ukurasa wetu wa nchi jirani safari hii tunakwenda Mombasa. Hatuendi kutazama Ngome ya Yesu wala misikiti ya Mji wa Kale, kwani habari zake zimeshaandikwa sana. Tunakwenda mtaa wa Tudor, pembeni mwa kisiwa, ambako kuna majengo yenye kuba na matao kama ya msikiti mkubwa. Mgeni anayepita hapo kwa mara ya kwanza hudhani amefika kwenye chuo cha dini. Akisoma kibao anakuta ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, chuo cha umma ambacho mwanafunzi wa dini yoyote na kabila lolote anaweza kusoma.

Vipi basi chuo cha serikali kikawa na sura ya Kiislamu? Wazee wa Mombasa watakujibu kwa neno moja: MIOME. Hizo ni herufi za mwanzo za jina lake la kwanza la Kiingereza, ambalo maana yake ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Chuo hiki kilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima, kwa michango ya Waislamu wenyewe pamoja na serikali ya wakati ule. Baadaye kikawa cha taifa.

Habari hii inatuhusu sisi tulio nje ya Kenya pia, kwani MIOME haikuwekwa kwa ajili ya watu wa Mombasa peke yao. Vijana wa Tanganyika, Zanzibar na Uganda walihesabiwa tangu mwanzo. Aidha, hadi leo katika baraza na vikao vyetu kunazuka mabishano juu yake. Wapo wanaosema Waislamu walinyang'anywa chuo chao. Wapo wanaosema chuo kilikua na kila kinachokua hubadilika. Kabla ya kuhukumu, ni vyema tuijue historia yenyewe.

Pwani kabla ya chuo

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa nchi ya watu wasiosoma. Kabla Mzungu hajafungua shule, watoto wa Mombasa, Lamu, Zanzibar na Bagamoyo walikuwa wakisoma Qur'ani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Neno lenyewe "chuo" kwa watu wa pwani lilikuwa na maana ya mahali mtoto anapopelekwa kusoma Qur'ani kwa mwalimu wake, na mtu aliyebobea katika elimu aliitwa mwanachuoni. Tulikuwa na chuo zamani.

Elimu ya shule za kikoloni ilikuja kwa mlango mwingine. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kituo cha kanisa kikafunguliwa Rabai, si mbali na mji. Katika miaka ya 1870 kikaanzishwa kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, nacho pia kikawa na kanisa na shule. Kwa muda mrefu, mzazi aliyetaka mwanawe ajue Kiingereza na hesabu za ofisini alilazimika kumpeleka kwa wamisionari. Wazazi wengi wa Kiislamu walikataa, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwa sababu shule zile zilifundisha dini ya wenye shule.

Serikali ya kikoloni ilichelewa kufungua shule zisizo za kanisa. Hapo Mombasa Shule ya Waarabu ya serikali ilifunguliwa mwaka 1912. Wakati huo shule za misheni zilikuwa zimeshatangulia kwa zaidi ya nusu karne. Bandari, reli na ofisi za serikali zilipohitaji makarani na mafundi, wengi walioajiriwa walitoka kwenye shule hizo. Mwislamu wa pwani, mwenye mji, akajikuta anaajiriwa kazi za mikono zisizo na cheo au anarudi kwenye biashara ndogo, uvuvi na shamba la minazi.

Miongoni mwa waliolia juu ya hali hii ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Allaah amrehemu), aliyezaliwa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937. Mwaka 1930 alianzisha karatasi iliyoitwa As-Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Humo aliwaamsha Waislamu washike dini yao sawasawa, na wakati huo huo wasiache elimu za dunia, wasomeshe watoto wao, wa kike na wa kiume. Sheikh alifariki mwaka 1947. Mwaka uliofuata chuo cha Mombasa kikaasisiwa.

Wazo na wachangiaji

Mtu wa serikali aliyelisukuma wazo la chuo hiki alikuwa Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliyeshika kazi hiyo kuanzia mwaka 1944 hadi 1952. Mitchell alikuwa mkoloni kama wenzake, na hatuna haja ya kumpamba. Lakini alikuwa amekaa Afrika Mashariki miaka mingi, alikijua Kiswahili, na aliwahi kuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1935 hadi 1940, wakati Makerere ilipokuwa inaandaliwa kuwa chuo cha elimu ya juu. Aliona kwamba Waislamu wa Afrika Mashariki wanaachwa nyuma.

Wazo peke yake halijengi nyumba. Kilichoifanya MIOME isimame ni michango. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alitoa mchango mkubwa. Tukumbuke kwamba Mombasa na ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa bado kwa jina ni milki ya Sultani, ingawa Waingereza ndio waliotawala. Aga Khan wa tatu, Sultan Mahomed Shah, kiongozi wa Waismailia, alichangia pia. Jamii ya Mabohora nayo ikatoa. Na serikali ya Uingereza ikaongeza fedha kutoka mfuko wa maendeleo na ustawi wa makoloni. Mwaka 1948 chuo kikaasisiwa.

Ndugu msomaji, tuyatazame majina haya kwa makini. Hapo yuko Sultani wa Kiibadhi, yuko Imamu wa Waismailia, wako Mabohora, na watakaosoma wengi wao ni Sunni wa madhehebu ya Shafi. Watu hawa wana tofauti zao zinazojulikana. Lakini katika jambo la kumpa kijana elimu ya ufundi waliweza kutia mikono katika chombo kimoja. Leo misikiti miwili ya mtaa mmoja inashindwa kuendesha shule moja ya awali!

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba fedha za serikali zilichanganywa na fedha za Waislamu tangu siku ya kwanza. Chuo hakikuwa cha jamii tupu wala cha serikali tupu. Mchanganyiko huu ndio ulioleta maswali yaliyozuka baadaye.

Kwa nini ufundi?

Huenda kijana akauliza: kama ni taasisi ya elimu ya Kiislamu, mbona hawakufundisha fiqhi na tafsiri, wakafundisha umeme na mitambo? Jibu liko katika hali ya mji wenyewe. Mombasa ni mji wa bandari ya Kilindini na mwanzo wa reli iendayo Uganda. Mwaka huo huo wa 1948 reli na bandari za nchi zetu ziliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika Mashariki. Meli zilihitaji mafundi, karakana zilihitaji mafundi, na majumba yaliyokuwa yakijengwa yalihitaji watu wanaojua kusoma ramani. Elimu ya dini ilikuwa na walimu wake misikitini na majumbani, na wanafunzi walisafiri kutoka mbali kuwafuata masheikh wa Lamu na Zanzibar. Kilichokosekana kwa Waislamu ni mahali pa kujifunza kazi za kisasa bila mzazi kuhofia dini ya mwanawe.

Tena tusidharau ufundi. Makerere yenyewe, ambayo wazee wetu waliiona kama kilele cha elimu, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na makanika. Chuo kikuu cha leo mara nyingi ni karakana ya jana.

Milango yafunguliwa

Wanafunzi wa kwanza waliingia MIOME mwezi Mei 1951. Majengo yalijengwa kwa mtindo wa Kiislamu, na kijana aliweza kujifunza ufundi mchana na kuswali na wenzake bila kuonekana mgeni.

Kwa zama zile hilo lilikuwa jambo jipya kwa sababu nyingine pia. Kenya ya kikoloni iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. MIOME ilipokea kwa dini, kwa hiyo Waislamu wa asili mbalimbali waliweza kukaa darasa moja. Mlango ulikuwa mwembamba kwa upande mmoja, maana asiyekuwa Mwislamu hakuingia. Kwa upande mwingine ulikuwa mpana kuliko wa shule nyingi za nchi wakati ule.

Kuna kisa kimoja cha MIOME ambacho kila mwanafunzi aliyepata alama mbaya anapaswa kukijua. Kijana mmoja wa Mombasa alifanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1940 na hakupata daraja la kumwezesha kuingia Makerere. Akatafuta kazi, na hatimaye akawa mfanyakazi hapo MIOME. Siku moja ya Maulidi chuoni hapo alisimama akatoa hotuba kuhusu Mtume (rehema na amani zimshukie), na miongoni mwa waliokaa kusikiliza alikuwamo Gavana Mitchell. Gavana akavutiwa na kijana yule, akataka kujua habari zake. Kutokana na hapo njia ya masomo ng'ambo ikafunguka, na mwaka 1955 akaenda Uingereza kumalizia sekondari.

Kijana huyo alikuwa Ali Mazrui, mtoto wa yule yule Sheikh Al-Amin tuliyemtaja. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia huko Marekani mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ilimpokea kama mwalimu, na akawa profesa hapo. Mwaka 1986 ulimwengu ulimwona katika televisheni akieleza historia ya Afrika na urithi wake wa aina tatu: wa Kiafrika, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Alifariki Oktoba 2014 Marekani, akazikwa kwao Mombasa. Baba aliandika gazetini kuwahimiza Waislamu wasome. Mwana akapata mlango wake katika chuo ambacho baba hakuwahi kukiona kikifunguliwa.

Uhuru, na mwaka 1966

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Miezi miwili kabla, Oktoba 1963, ulitiwa saini mkataba ambao ulimaliza mamlaka ya Sultani juu ya ukanda wa pwani, ukawa sehemu ya Kenya. Katika barua zilizoambatana na makubaliano hayo, serikali ya Kenya iliahidi kuziheshimu mahakama za Kadhi, uhuru wa dini, na mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu kadiri itakavyowezekana. Januari 1964 serikali ya Sultani huko Zanzibar nayo ikapinduliwa. Aga Khan wa tatu alikuwa ameshafariki mwaka 1957, na Seyyid Khalifa mwaka 1960. Kwa muda mfupi sana, chuo kiliwapoteza walezi wake wakubwa wote.

Wakati huo huo serikali mpya iliunda tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde. Tume hiyo ilitaka nchi iwe na mfumo mmoja wa elimu unaowaunganisha watoto wa taifa moja, na shule za kugawana kwa rangi ziondoke. Katika upepo huo, chuo cha ufundi kinachopokea watu wa dini moja, tena kinachotumia fedha za serikali, kisingeweza kuachwa kama kilivyo.

Mwezi Mei 1966, miaka 15 kamili tangu wanafunzi wa kwanza waingie, MIOME ikageuzwa kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Neno "Kiislamu" likatoka katika jina, na milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote na dini zote. Mipaka ya nchi mpya nayo ilifanya kazi yake, na chuo kilichowekewa azma ya kuhudumia Afrika Mashariki kikawa zaidi na zaidi chuo cha Kenya.

Miaka 35 ya Politekniki

Mwaka 1972 taasisi ikapandishwa kuwa Politekniki ya Mombasa, ya pili ya kitaifa nchini Kenya baada ya ile ya Nairobi. Kwa miaka ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafunza mafundi mchundo na mafundi sanifu katika mitambo, umeme na ujenzi.

Mafunzo yalikwenda kwa utaratibu ambao unafaa uigwe hata leo. Mwajiri alimleta kijana wake chuoni kwa kipindi fulani, akasoma nadharia na kufanya mazoezi, kisha akarudi kazini kutumia alichojifunza. Baada ya muda akarudi tena chuoni kwa awamu nyingine. Hakumaliza masomo akaanza kuzunguka na bahasha mkononi akitafuta kazi, kwa kuwa alikuwa nayo tayari. Na Mombasa ilikuwa na kazi: bandari, reli, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichoanza mwaka 1963.

Kadiri miaka ilivyokwenda masomo yaliongezeka. Yakaja ya biashara, ya sayansi tumizi, na uhandisi wa vifaa vya hospitali, yaani kumfunza mtu anayetengeneza mashine ya eksirei au ya kuwasaidia wagonjwa kupumua. Wazazi wengi hawalijui somo hili, ilhali hospitali zetu zimejaa mashine zilizokufa kwa kukosa fundi.

Chuo kikuu

Agosti 2007 Politekniki ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mwezi Januari 2013, baada ya Kenya kupitisha sheria mpya ya vyuo vikuu mwaka 2012, Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Politekniki ya Nairobi nayo ilipata hati yake mwezi huo huo, na vilevile Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi. Kwa hiyo katika mwezi mmoja pwani ya Kenya ilipata vyuo vikuu viwili vya umma vyenye makao yake huko huko. Kabla ya hapo mtoto wa Lamu aliyetaka shahada kutoka chuo kikamilifu cha umma alitazama bara.

Leo chuo kina kampasi nyingine Kwale na Lamu. Na mwaka 2018 uongozi wake ulishikwa na mwanamke, Profesa Laila Abubakar. Wale waliosoma Al-Islah mwaka 1932 na kubishana kama mtoto wa kike asomeshwe au asisomeshwe, wangelisema nini?

Hata hivyo kupanda cheo kuna gharama yake. Politekniki mbili kubwa za nchi zilipogeuka vyuo vikuu, watu wengi wa elimu nchini Kenya waliuliza: sasa nani atawafunza mafundi? Kijana aliyepata alama za kati, mwenye mikono mizuri, alikuwa na mahali pake Politekniki. Chuo kikuu humvutia mwalimu kwenye shahada na utafiti, na fundi mchundo anaweza kusahauliwa. Hoja hii ni nzito, na serikali ya Kenya imelazimika kujenga na kupandisha vyuo vingine vya ufundi katika miaka iliyofuata.

Je, tulinyang'anywa?

Sasa turudi kwenye yale mabishano ya barazani.

Wanaolalamika wana hoja. Waliotoa fedha walitoa kwa nia maalumu, kwamba vijana wa Kiislamu walioachwa nyuma wapate pa kusomea. Mwaka 1966 pengo lile lilikuwa halijazibwa. Shule za msingi na sekondari za pwani zilikuwa bado chache kuliko za sehemu nyingine za nchi, na mlango ulipofunguliwa kwa wote, waliokuwa wameandaliwa vizuri zaidi ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kuingia. Kumwambia mtu aliyechelewa kuanza mbio kwamba sasa tunakimbia sawa, si uadilifu kamili.

Na wanaotetea mabadiliko wana hoja pia. Fedha za serikali zilikuwemo tangu mwanzo. Chuo cha ufundi ni kitu cha gharama: mashine huchakaa, walimu huhitaji mishahara, na walezi waliokuwa wakitoa walikuwa wamekwenda. Michango ya mara moja hujenga majengo, lakini haiendeshi chuo kwa miaka 70. Bila mkono wa taifa, pengine leo tungekuwa tunaonyeshana magofu yenye kuba.

Sisi tunaona hivi. Sadaka ya wale wazee haikupotea. Kila kijana aliyejifunza umeme pale na akalisha familia yake, awe Mwislamu au asiwe, amefaidika na mkono wao, na thawabu ziko kwa Allaah. Ambacho tungepaswa kukisikitikia zaidi ni darasa kuwepo jirani na mtoto wetu asiwemo ndani. Tukihesabu dhulma ya mwaka 1966 tu, tutaacha kuhesabu siku ambazo sisi wenyewe tulimtoa mtoto shule akauze dukani, au tulimwoza binti kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Tunajifunza nini?

Kwanza, wanaoanzisha taasisi leo waandike nia yao vizuri. Kama ni wakfu, iwe wakfu kwa hati, yenye wadhamini na utaratibu wa nini kitafanyika ikiwa hali itabadilika. Nia iliyobaki moyoni mwa mtoaji huzikwa naye.

Pili, chuo kisimame juu ya shule. Huwezi kumfundisha mtu kusoma ramani ya mtambo kama hakufundishwa hesabu za sehemu. Nchi zetu sasa zina vyuo vikuu vya Kiislamu. Uganda kipo cha Mbale kilichofunguliwa mwaka 1988, Zanzibar kipo cha Tunguu kilichoanza mwaka 1998, na Tanzania Bara kipo cha Morogoro. Alhamdulillah. Lakini tuulizane: shule za msingi na sekondari zinazolisha vyuo hivyo zina hali gani? Maabara zake zina vifaa?

Tatu, wazazi tusiwadharau watoto wanaopenda kazi za mikono. Si kila mtoto atakuwa daktari au mwanasheria. Mwenye stashahada ya umeme au ya kutengeneza majokofu anaweza kuoa, kujenga na kulea wazazi wake kwa heshima kuliko mwenye shahada asiye na kazi. Mwaka 1948 wazee wetu waliliona hili. Haifai sisi tulisahau.

Nne, vijana wetu, chuo cha umma ni chenu pia. Msingoje mpaka pawe na chuo chenye jina la Kiislamu ndipo msome. Ulizeni masharti ya kuingia mapema, mkiwa kidato cha pili na si baada ya matokeo. Jueni ni masomo gani yanatakiwa kwa kozi mnayoitaka, fomu zinatoka mwezi gani, na mikopo au misaada ya masomo inaombwa wapi. Mkishaingia, undeni jumuiya yenu ya wanafunzi, muswali, msaidiane, na muishi vizuri na wenzenu wasiokuwa Waislamu. Na yule ambaye mtihani wake haukwenda vizuri, amkumbuke kijana wa Maulidi ya MIOME. Alama moja mbaya haikumzuia, kwa sababu alikuwa tayari siku nafasi ilipomjia.

Mwisho, tunawaomba walimu na wazee wetu wenye kumbukumbu za vyuo na shule za zamani katika nchi zetu wazisimulie kwa wajukuu wao, nasi wasomaji tuziandike kabla hazijapotea. Aliyesoma MIOME mwaka 1951 akiwa na miaka 18, leo, kama yu hai, amevuka miaka 90.

Tunamuomba Allaah awalipe kheri wote waliotoa mali na nguvu zao kwa ajili ya elimu, awafungulie vijana wetu milango, na atupe sisi wazazi moyo wa kutoa tunapoitwa kutoa. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.